"Anafanya Makusudi": Dhana Inayotukwamisha Vituoni

Miezi mitatu iliyopita niliitwa kuwafundisha wahudumu wa kituo cha vijana wenye ulemavu wa akili. Hata salamu hazijaisha, dada mmoja akaniambia: "Mwalimu, huyu wa kwetu hana shida yoyote. Anafanya makusudi." Maneno hayo nayakuta kila kituo ninachokwenda, na nimeyachoka, kwa sababu yakishatamkwa hakuna anayechunguza tena.

Dhana: Anafanya makusudi, ni jeuri tu

Haya, tuseme ni makusudi. Makusudi ya nini? Swali hilo ndilo kazi yenyewe, na ndilo tunalolikimbia. Mtu asiyeweza kusema, akipiga au akirusha kitu, kuna anachokipata au anachokikwepa: macho ya mtu, kitu anachokitamani, kazi iliyomshinda, au mwili wake unatulia kwa namna anayoijua yeye.

Kijana mwenyewe ana miaka 19, haongei. Kosa lake ni kumwaga uji kila asubuhi. Niliomba daftari la matukio, nikakuta "amefanya fujo", "amefanya fujo tena", ukurasa baada ya ukurasa. Daftari la namna hiyo halimsaidii mtu. Nikachora safu tatu: kabla, alichofanya, baada. Nikawaomba waandike wanachokiona kwa macho tu, bila kumhukumu.

Siku ya nne mambo yakawa wazi. Kabla: tangu saa mbili yuko kwenye benchi anatunga shanga, hajainuka hata mara moja, mpaka uji unapoletwa saa nne kasorobo. Alichofanya: anakisukuma kikombe kwa kiwiko, taratibu, huku anamtazama mhudumu usoni. Baada: anatolewa nje akakae chini ya mwembe "apate adabu". Nilimfuata huko. Alikuwa ametulia tuli, anakunjakunja jani kavu.

Adhabu yetu ndiyo aliyokuwa akiitafuta. Kijana asiye na neno hata moja alikuwa amebuni njia ya kuomba kupumzika, na sisi tulikuwa tunamjibu kila siku. Mimi hiyo naiita akili, na niliwaambia hivyo wahudumu wote. Yule dada alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe alikuwa ananiomba."

Tulimfundisha kumgusa mhudumu begani. Akigusa, anatoka nje dakika tano, hakuna maswali. Uji bado humwagika siku mojamoja, hasa zamu ikiwa ya mgeni asiyeijua ile ishara.

Jambo hili si geni. Mwaka 1985 watafiti wa Marekani, Edward Carr na Mark Durand, walichapisha kazi yao na watoto wanne. Kwa tabia iliyotokana na ugumu wa kazi, mtoto alifundishwa kusema "sielewi". Kwa ile ya kutaka kuangaliwa, alifundishwa kuuliza kama anafanya vizuri. Vurugu zilipungua pale maneno yalipolingana na sababu. Yasipolingana, hazikupungua. Ndiyo maana nasisitiza safu tatu kabla ya dawa yoyote, kabla ya kikao chochote.

Dhana: Mpuuze, ataacha mwenyewe

Kwanza anaweza kuzidisha. Ukisalimu amri hapo, umemfundisha kwamba kelele kubwa ndizo zinazosikilizwa. Na kama anakwepa kazi, kumpuuza ni kumpa alichotaka. Anayejigonga kichwa ukutani hapuuzwi kabisa.

Dhana: Kumpa anachoomba ni kumdekeza

Wewe ukichoka unaomba ruhusa ukanywe maji. Yeye pia.

Dhana: Amebadilika ghafla, basi aongezewe dawa

Hapa huwa nakuwa mkali. Badiliko la ghafla kwa mtu asiyeongea, kwangu ni maumivu mpaka ithibitike vinginevyo. Jino bovu, sikio linalotunga usaha, choo kigumu cha siku tano: hayo yote yanaweza kumfanya mtu mpole aanze kung'ata. Siku aliyopata choo iandikwe daftarini kama inavyoandikwa dawa. Na aliyeanza kujipiga shavu la upande mmoja, washa tochi umtazame mdomoni, kisha mpeleke kwa daktari wa meno, kabla hujamwandikia mtu barua ya kuomba dawa za kumtuliza.