Rejimenti ya Kifalme ya Mizinga ya Uingereza: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Wengi hudhani kwamba Rejimenti ya Kifalme ya Mizinga ni kikosi kimoja chenye kambi moja. Sivyo. Tangu Mfalme George I alipoidhinisha kombania mbili za kudumu za mizinga huko Woolwich, London, tarehe 26 Mei 1716, imepanuka hata jina hilo moja likawa linabeba rejimenti nyingi zilizosambazwa jeshini kote. Na anayeitafuta Woolwich leo amechelewa, kwani makao ya rejimenti yalihamia Larkhill, kusini mwa Uingereza, mwaka 2007.

Wengine, kwa kuwa haina bendera iliyotariziwa majina ya vita ilivyopigana, huona kwamba haina sifa ya kujivunia. Kwa kweli Mfalme William IV aliipa katika miaka ya 1830 neno la Kilatini Ubique, yaani kila mahali, lisimame badala ya orodha hiyo. Bendera zake ni mizinga yenyewe, ndiyo maana kuiacha mikononi mwa adui huhesabiwa kuwa fedheha.

Dhana inayowaonea zaidi ni kwamba mpiga mizinga hupigana akiwa mbali na hatari. Huko Colenso, Afrika Kusini, tarehe 15 Desemba 1899, katika vita vya Waingereza na Makaburu, Kanali Long wa rejimenti hii alipeleka mizinga 12 uwandani, yapata mita 1,000 tu kutoka kwa Makaburu waliojificha, akiwa amewatangulia askari wa miguu waliopaswa kumlinda. Risasi za bunduki ziliwaangusha walioihudumia, na waliojitolea kuivuta kwa farasi waliokoa miwili tu. Miongoni mwao Luteni Freddy Roberts, ambaye hata hakuwa wa mizinga, alijeruhiwa akafa. Kumi ikatekwa.

Kosa lile halikuwa la ushujaa bali la mbinu, na ndipo hoja ya umbali inapopata nusu ya ukweli: baada ya vita hivyo, polepole, mizinga ilifichwa nyuma ya vilima, ikapiga shabaha isizoziona kwa hesabu za ramani. Lakini lazima awepo wa kuona kombora linapoangukia, naye hukaa mstari wa mbele pamoja na askari wa miguu, huku mizinga ya adui ikiwasaka wenzake walio nyuma. Katika Vita Kuu ya Kwanza rejimenti hii ilipoteza watu wapatao 49,000.