Maji mengi hayaondoi uvimbe wa miguu kwa mgonjwa wa moyo

Ujumbe huu hurudi kila mara kwenye makundi ya WhatsApp, kuanzia Kampala hadi Arua: mwenye moyo dhaifu aliyevimba miguu anywe lita 4 za maji kwa siku "kusafisha mwili". Si kweli, na unaweza kumdhuru mgonjwa. Ukiupokea, tafadhali usiusambaze.

Moyo ukishindwa kusukuma damu vizuri, figo huzuia chumvi na maji mwilini. Maji hayo hujikusanya miguuni, na yakifika mapafuni mgonjwa hawezi kulala bila kuinuliwa kwa mito miwili au mitatu. Kumwongezea maji ni kuuongezea moyo mzigo.

Bonyeza muundi wa mgonjwa kwa kidole gumba, juu kidogo ya kifundo, kwa sekunde 5. Kikibaki kishimo, hayo ni maji. Mpime uzito kila asubuhi, akishakojoa na kabla ya kula, kwa mizani ileile na nguo nyepesi, kisha uandike. Ukiongezeka kwa zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, apelekwe kituo cha afya hata kama hajisikii vibaya. Ongezeko la haraka namna hiyo si mafuta.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu maji mengi huwafaa wenye mawe ya figo. Tena vidonge vya kukojoza anavyopewa mgonjwa wa moyo huleta kiu. Asukutue mdomo, anywe kidogokidogo ndani ya kiasi alichopangiwa. Cha kupunguza ni chumvi, hata ile ya asili ya Katwe, ziwa la chumvi la magharibi mwa Uganda: nayo huzuia maji mwilini vilevile.