Kifaa Tiba Chenye Kasoro: Haki za Mgonjwa Aliyeumia

Mgonjwa aliyewekewa nyonga bandia, kidhibiti mapigo ya moyo au kipandikizi kingine, kisha akapata madhara, kwa kawaida humlaumu kwanza daktari. Huenda lawama hiyo imeelekezwa kusiko. Shauri dhidi ya daktari huhitaji kuthibitisha uzembe, ilhali katika nchi nyingi mtengenezaji huwajibika ikithibitika kwamba bidhaa yake ilikuwa na kasoro na kwamba kasoro hiyo ndiyo iliyoleta madhara, hata kama hakuzembea.

Kasoro inaweza kuwa katika usanifu, katika utengenezaji, au katika maelezo na tahadhari zinazoambatana na kifaa. Nyonga za ASR, ambazo kampuni ya DePuy iliziondoa sokoni Agosti 2010, ni mfano wa tatizo la usanifu: chuma kilisuguana na chuma, na chembechembe za kobalti na kromi zikaingia katika tishu na damu. Kampuni ya Kifaransa ya PIP ilitumia silikoni ya viwandani katika vipandikizi vya matiti, na mwanzilishi wake akahukumiwa kifungo mwaka 2013.

Jambo ambalo wagonjwa wengi hulipuuza ni hatima ya kifaa chenyewe kinapotolewa mwilini. Hospitali nyingi hukitupa pamoja na taka nyingine za upasuaji, na ushahidi mkuu hupotea hapo. Kabla ya upasuaji, omba kwa maandishi kifaa kihifadhiwe bila kuharibiwa, kisha udai nakala ya kumbukumbu zinazoonyesha modeli, namba ya toleo na namba ya kifaa. Usikirudishe kwa mtengenezaji kabla ya kumwona wakili, hata ukiahidiwa kipya bila malipo.

Kifaa kikishapotea, si lazima haki ipotee nacho. Mwaka 2015 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kuhusu vidhibiti mapigo ya moyo vilivyokuwa vimetolewa na kuteketezwa bila kuchunguzwa: ikiwa vifaa vya kundi moja vina uwezekano wa kuwa na kasoro, kila kimoja chaweza kuhesabiwa kuwa na kasoro, na gharama za kukibadilisha kuwa sehemu ya fidia. Marekani mambo ni magumu zaidi. Katika shauri la Riegel dhidi ya Medtronic la mwaka 2008, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kifaa kilichopitia uidhinishaji mkali zaidi wa serikali kuu hukingwa dhidi ya madai mengi yanayofunguliwa kwa sheria za majimbo. Uamuzi ambao, kwa maoni yangu, huwaacha wapweke hasa wale wanaobeba vifaa vya hatari zaidi.

Muda nao haungoji. Chini ya agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 1985 kuhusu bidhaa zenye kasoro, aliyeumia alipewa miaka 3 tangu alipotambua, au alipopaswa kutambua, madhara, kasoro na mtengenezaji, huku haki yenyewe ikikoma miaka 10 baada ya kifaa husika kuingizwa sokoni. Kwa kipandikizi kinachoweza kuharibika polepole mwilini, miaka hiyo 10 ni michache, ndiyo maana tarehe ya kwanza ya maumivu inapaswa kuandikwa katika faili la mgonjwa siku ileile anapoyalalamikia.