Farasi Akitoka Jasho Mpe Maji: Dhana Potofu za Misafara ya Hisani Nyikani Australia

Msafara wa hisani wa farasi katika nyika za Australia unajulikana kwa sura yake: wapandaji, malori ya nyasi kavu na maji yanayotangulia mbele, kilomita 30 hadi 40 kwa siku, siku ya mapumziko baada ya kila siku tano au sita. Michango huenda kwa hospitali, kwa wagonjwa wa saratani, au kwa Royal Flying Doctor Service, ile huduma ya madaktari wa ndege iliyoanzishwa na mchungaji John Flynn na kuanza kuruka Cloncurry, Queensland, mwaka 1928. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kuelezwa sana, maana tuna madaktari wetu wa ndege tangu 1957, ambao leo ni Amref.

Watu hujiandaa vizuri kwa kofia, buti na kamera. Kwa farasi hujiandaa kwa mambo waliyoyasikia kwa fulani. Basi tuyapitie.

"Farasi mwenye joto asipewe maji, atapata msokoto wa tumbo"

Hii ndiyo inayonitoa povu kuliko farasi mwenyewe. Kila msimu inarudi na vijitawi vyake: asinywe mpaka apoe kabisa, anywe mafunda matatu tu, asimwagiwe maji ya baridi, misuli itakaza, asimwagiwe kiunoni, figo zitaharibika. Matokeo yake unamkuta mtu mzima amesimama kando ya birika la kunyweshea, anavuta hatamu kumzuia mnyama anayelilia maji.

Tufanye hesabu. Msuli wa farasi hugeuza kama robo ya nishati, au chini ya hapo, kuwa mwendo. Zinazobaki ni joto. Na mwili wa kilo 450 una ngozi kidogo ukilinganisha na uzito wake, kwa hiyo joto hilo linatolewa zaidi kwa jasho. Kwenye kazi nzito na jua kali hutoka lita 10 hadi 15 kwa saa. Msafara wa kutembea na matiti (mbio ndogo za farasi) hautoi kiasi hicho, lakini saa zake ni nyingi. Tuseme lita nne kwa saa, kwa saa sita: hizo ni ndoo mbili za lita kumi, na zaidi.

Tumbo la farasi hubeba lita 8 hadi 15. Maji hayalali humo. Hupita upesi kwenda utumbo mdogo na kuingia kwenye damu. Ghala lake la maji ni utumbo mpana, na wakati wa kazi mwili hukopa humo. Ukimnyima kunywa, ghala linakauka, nyasi zilizomo zinakuwa kama tofali, na hapo ndipo msokoto unapoingia. Yaani ugonjwa unaoukimbia umeupikia mwenyewe.

Kuna jambo jingine wengi hawalijui. Jasho la binadamu lina chumvi kidogo kuliko damu yake, hivyo tukitoka jasho damu inakuwa nzito na ubongo unapiga kelele: kiu! Jasho la farasi lina chumvi sawa na damu au kuipita, karibu gramu 10 kwa kila lita, nyingi ikiwa kloraidi na sodiamu, na potasiamu ya kutosha. Maji na chumvi hupotea pamoja, damu haikolei, na ubongo hauambiwi kitu. Farasi aliyepungukiwa lita 20 anaweza kusimama mbele ya ndoo akaipuuza. Ndiyo maana akitaka kunywa njiani humkatalii hata mara moja. Nafasi hiyo huenda isirudi kwa kilomita 15.

Ukifika kituoni na farasi hataki maji, fanya hivi. Weka ndoo mbili. Ya kwanza iwe na lita 10 za maji ya uvuguvugu, nyuzi 20 hivi, yaliyokorogwa na gramu 90 za chumvi ya kawaida ya jikoni. Ya pili iwe na maji matupu. Wengi, wakizoeshwa nyumbani kabla ya safari, hunywa ile ya chumvi kwanza. Damu inapata ujumbe wa chumvi, kiu inaamka, na ndani ya saa moja hunywa maji matupu zaidi kuliko wangekunywa bila hivyo. Loweka nyasi pia. Na umzoeshe ladha kabla hujaondoka, kwa kutia molasi kidogo kwenye ndoo za nyumbani kwa wiki mbili, kwa sababu maji ya visima virefu vya Great Artesian Basin, ile hazina kubwa ya maji ya chini ya ardhi huko Australia, yana harufu na chumvi ambazo farasi wa Sydney hajawahi kuzionja. Maji yenye chumvi mpaka miligramu 4,000 kwa lita hayamdhuru. Kati ya hapo na 6,000 atasitasita. Na shika kwa mkono kabla hajayagusa: kisima cha Birdsville hutoa maji yanayokaribia kuchemka.

Hali moja tu inafanana na ule uzushi. Farasi aliyechoka kupita kiasi, aliyeinamisha kichwa, ambaye ukiweka stethoskopu ubavuni husikii tumbo likinguruma hata kidogo, maji ya kulazimishwa mdomoni hayatakwenda popote. Huyo anahitaji daktari na dripu, na safari yake imekwisha. Akijinywea mwenyewe, mwache.

Sasa maji ya kumwagia. Kabla ya Olimpiki ya Atlanta 1996 watafiti waliwapoza farasi waliopata joto kali kwa maji baridi mno, wakapima damu na misuli. Misuli haikukaza, figo hazikuharibika. Waliopozwa walirudia hali yao upesi. Kwa hiyo: vua tandiko, mgeuze kichwa kwenye upepo, kivulini kama kipo, umwagie mwili mzima mfululizo, shingo, kifua, mgongo, matako, ndani ya miguu. Usisimame kukwangua maji ili umwagie tena. Hiyo ni desturi tu. Mimina juu ya yaliyopo. Pima joto kwa kipimajoto cha nyuma. Likishuka chini ya nyuzi 39, acha.

Pale ambapo maji ni ndoo moja tu, na nyikani ndivyo ilivyo mara nyingi, tumia sponji: shingoni pembeni ambako mshipa mkubwa uko karibu na ngozi, kifuani, na ndani ya mapaja. Acha tabaka jembamba likauke lenyewe. Hewa ya jangwani ni kavu na upepo utafanya kazi iliyobaki, kitu ambacho pwani yenye unyevu hukipati. Maji ya matope ya bwawa yanafaa kupozea. Yale safi mwekee anywe.

Na jamani, wekeni mbali magadi na bikabonati. Watu humpa farasi "kuondoa asidi ya uchovu". Farasi wa masafa marefu hana tatizo hilo. Amepoteza kloraidi nyingi, na damu yake inaelekea upande wa alkali. Ukiongeza bikabonati unaisukuma zaidi, kalisiamu inayotumika mwilini inapungua, na unaona ubavu unaruka kila moyo unapopiga, mfano wa kwikwi. Ukiona hivyo, simama, ita daktari. Vilevile ile dawa ya chumvi ya kusukumwa mdomoni kwa bomba: usimpe ambaye hajanywa. Chumvi nyingi katika tumbo kavu huvuta maji kutoka kwenye damu kuingia utumbo, unamkausha zaidi. Anywe kwanza, ndipo dawa. Mchanganyiko mzuri ni sehemu mbili za chumvi ya kawaida kwa moja ya potasiamu kloraidi, gramu 30 hadi 60, ndani ya pumba iliyoloweshwa.

"Ananipa ishara mwenyewe akichoka"

Farasi mwenye moyo mzuri huwafuata wenzake mpaka aanguke. Hesabu mapigo. Stethoskopu nyuma ya kiwiko cha kushoto, sekunde 15, zidisha kwa nne. Akiwa ametulia ni 28 hadi 44 kwa dakika. Nusu saa baada ya kufika, mashindano ya masafa hutaka yawe kati ya 55 na 64 au chini, kila chama na kiwango chake. Msafara wa hisani usiwe mlegevu kuliko mashindano, maana hapa hakuna kikombe cha kukimbilia. Tom Quilty, mbio za kilomita 160 zilizoanza mwaka 1966, zina madaktari wanaomtoa farasi njiani bila kubembelezana.

Kipimo cha ziada ninachokipenda: hesabu mapigo, mtoe matiti mita 40 kwenda na 40 kurudi, na dakika moja tangu alipoanza hesabu tena. Mapigo yakizidi ya mwanzo kwa zaidi ya manne, kuna kitu: maumivu, ukavu, au uchovu. Bonyeza fizi pia. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili.

"Brumbi wanaishi jangwani bila maji wala viatu"

Brumbi ni farasi wa mwituni wa Australia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland waliwafunga vifaa vya GPS wakawakuta mpaka kilomita 55 kutoka kwenye maji, wakinywa kila baada ya siku moja hadi nne. Sawa. Hao hawakubeba mtu, walitembea kwa hiari yao, na walichagua saa ya kupumzika. Kwato zao nazo si za kusifiwa kama inavyosemwa, kwani wale wa ardhi ngumu walikutwa na dalili za laminitisi (uvimbe wa ndani ya kwato) ya muda mrefu.

Farasi wako anakwenda kwenye tambarare za mawe, kama Sturt Stony Desert, akiwa na kilo 80 mgongoni. Mvishe viatu vya chuma siku saba hadi kumi kabla ya kuondoka. Usifanye jana yake: msumari uliopita karibu na nyama huonyesha kilema baada ya siku chache, na ni heri ukuonyeshe ukiwa nyumbani. Rekebisha kila wiki tano au sita. Chukua buti moja la mpira la kwato kwa kila ukubwa, maana kiatu kitang'oka mahali ambapo mtengeneza viatu hayupo kwa kilomita 200.

"Farasi mkubwa hubeba yeyote"

Kikomo ni asilimia 20 ya uzito wa farasi, mpandaji na tandiko na kila kilichofungwa juu yake kwa pamoja. Farasi wa kilo 450: kilo 90. Tandiko la wachunga ng'ombe wa Australia peke yake hupunguza kilo kumi hivi kwenye hesabu hiyo. Shuka utembee dakika kumi kila saa. Mgongo wake utakushukuru na magoti yako pia. Ukivua tandiko jioni, tazama jasho. Sehemu kavu katikati ya unyevu maana yake tandiko limebana mpaka jasho halikutoka, na kesho patakuwa na kidonda.

"Majani ni majani"

Hapana. Kuna mmea wa jamii ya mnili, Indigofera linnaei, unaoitwa kwa jina la Birdsville. Farasi akiula kwa wiki kadhaa huanza kudhoofika, kuyumba, na kuburuta ncha za kwato, na hakuna dawa ya uhakika. Kaskazini, Kimberley, kuna ndugu wa marejea yetu, jamii ya Crotalaria, ambao huua ini. Farasi huzunguka bila kujua aendako mpaka agonge uzio. Mpe nyasi kavu kwanza, ndipo umfungulie malishoni. Mwenye njaa hachagui. Na usimpe mbwa nyama ya farasi wa maeneo ya huo mnili. Sumu hubaki kwenye nyama.

"Jangwani ni joto tu"

Misafara hufanyika majira ya baridi, na usiku wa Julai Alice Springs wastani wake ni nyuzi 4 hivi. Farasi aliyepozwa saa tisa mchana afunikwe matakoni jua likizama.

"Ukishachangia, fedha yote inafika"

Malori, dizeli, nyasi na daktari wa mifugo ni gharama halisi. Waandaaji waaminifu hutenganisha ada ya kushiriki, inayolipia msafara, na michango inayokwenda kwa walengwa. Waulize akaunti ni ngapi. Shirika la hisani liangalie kwenye daftari la ACNC, mdhibiti wa taifa tangu 2012; ni bure.

"Karatasi zitashughulikiwa mbele ya safari"

Queensland ina mpaka wa kupe. Farasi anayetoka eneo lenye kupe kuingia eneo safi hukaguliwa na kutibiwa kwanza, na mkaguzi hapatikani kwa kupiga mluzi. Weka miadi mapema. Ukianzia ukanda wa pwani wa Queensland au kaskazini mwa New South Wales, fikiria virusi vya Hendra vilivyojulikana 1994, vinavyotoka kwa popo, huua farasi na vimeua watu. Chanjo ya farasi ipo tangu 2012: dozi mbili, kati yake wiki tatu hadi sita, kisha nyongeza baada ya miezi sita. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka siku ya kuondoka, daktari anatakiwa awe ameshapigiwa simu angalau miezi miwili kabla.