Usugu wa bakteria wa kuku dhidi ya antibayotiki ni nini?

Usugu ni hali ya bakteria kuendelea kuishi na kuzaliana licha ya dawa ambayo zamani iliwaua. Anayekuwa sugu ni bakteria, si kuku. Ndiyo maana vifaranga ambao hawajawahi kunyweshwa dawa wanaweza kuugua ugonjwa usiosikia dawa: wameambukizwa bakteria waliokwisha kuwa sugu.

Chukua bakteria aitwaye E. coli. Utumboni mwa kuku wamejaa tele, na wachache wao huwa na vinasaba vinavyowakinga. OTC (oksitetrasaiklini, antibayotiki ya mifugo) ikitiwa kwenye maji, wengine hufa, hao wachache huzaliana wakatawala. Dozi pungufu huwapa upenyo zaidi. Unga wa dawa unapimwa kwa kukisia, kuku mgonjwa hanywi maji kama mzima, na kuku wakianza kula tu, dawa inakatishwa.

Tena bakteria hupeana kinga hiyo. Plasmidi, yaani vipande vidogo vya DNA, huhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, hata wa aina tofauti. Mwaka 2015 watafiti wa China walitangaza kinasaba mcr-1, kinachokinga E. coli dhidi ya kolistini, dawa ambayo hospitali huiweka akiba kwa wagonjwa walioshindikana kwa dawa nyingine. Walikikuta kwa nguruwe, kwenye nyama ya kuku iliyokuwa ikiuzwa, na kwa wagonjwa. Kolistini ilikuwa ikichanganywa kwenye chakula cha mifugo ili ikue haraka. China ilikataza jambo hilo mwaka 2017.

Huku kwetu kinachoniuma ni kideri. Kuku wanapinda shingo, wanaharisha kijani, mfugaji anakimbilia duka la dawa za mifugo na kurudi na antibayotiki. Kideri husababishwa na virusi, na antibayotiki haiui virusi. Kuku wanakufa vilevile, huku bandani wakibaki bakteria sugu, watakaofika kwa watu kupitia mikono ya mchinjaji, nyama isiyoiva na samadi. Chanjo ya kideri ingezuia yote hayo.

Ugonjwa ukiwa wa bakteria kweli, maabara ya mifugo ndiyo itakayokwambia dawa ipi inafaa. Peleka mzoga ungali mbichi. Bakteria huoteshwa kwenye kisahani, kisha juu yake huwekwa viduara vya karatasi vyenye dawa mbalimbali. Dawa yenye nguvu huacha eneo tupu kuizunguka, nalo hupimwa kwa rula. Bakteria wakiota mpaka ukingoni mwa karatasi, dawa hiyo usiinunue.