Injini ya Boti Iliyozama Haianikwi Juani

Wateja wanaoniletea injini za boti hapa Nairobi, wengi wao wakitoka Ziwa Naivasha na wachache Baringo na Pwani, huanza maelezo yao kwa maneno yanayofanana: "Fundi, ilizama, lakini tumeianika wiki nzima na sasa imekauka kabisa." Huyasema kwa fahari, kana kwamba wamenipunguzia kazi, nami hulazimika kuwaeleza kwamba wiki hiyo ya kuanika ndiyo iliyoiua injini, wala si muda iliokaa chini ya maji. Dhana hii nimeisikia kwa wavuvi na kwa wenye hoteli vilevile, na inanisikitisha kwa sababu injini za zamani za mipigo miwili, zisizo na elektroniki nyingi, ndizo zinazookoka kwa urahisi zaidi zikishughulikiwa mapema.

Kutu huhitaji vitu vitatu kwa pamoja: chuma, maji na oksijeni. Injini ikiwa imezama, vitu viwili vya kwanza vipo lakini cha tatu ni haba, kwa kuwa lita moja ya maji ya ziwa kwa kawaida hubeba takribani miligramu 7 au 8 za oksijeni, ilhali lita moja ya hewa hubeba zaidi ya 200. Mara tu injini inapotolewa majini, hewa inaingia na kukutana na chuma kilicholowa, na utando mwembamba wa maji juu ya chuma ndiyo hali ambayo kutu hustawi kwa kasi kubwa kuliko zote. Beringi za kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) na za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) katika injini ya mipigo miwili hazikai ndani ya oili kama zile za injini ya gari, bali hutegemea ile oili kidogo iliyochanganywa na petroli, na maji yakishaiosha zinabaki uchi. Baada ya saa chache tu nyuso zake zilizong'arishwa huanza kupata madoa, na baada ya siku kadhaa madoa yale huwa mashimo ambayo hakuna usafishaji utakaoyaondoa.

Jua nalo halikaushi kile ambacho watu wanadhani linakausha. Nje ya injini hukauka na kung'aa, lakini maji yaliyotuama chini ya chumba cha kranki hugeuka mvuke mchana na kurudi kuwa matone usiku, hasa Naivasha ambako usiku una baridi, kwa hiyo sehemu za ndani zinaloweshwa upya kila siku. Kwa injini iliyozama baharini hali ni mbaya zaidi, kwa sababu maji yanayokauka huacha chumvi, na chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa na kuendelea kula chuma na alumini hata pale mwenye injini anapoamini kuwa mambo yamekwisha.

Kwa hiyo ushauri wangu, ambao wengi huupinga wanapousikia kwa mara ya kwanza, ni huu: ikiwa huwezi kuishughulikia injini siku hiyohiyo, irudishe majini. Itumbukize nzima katika pipa la maji safi na uiache humo hadi fundi atakapokuwa tayari. Ikiwa unaweza kuishughulikia papo hapo, ioshe kwa maji safi, toa plagi zote, ilaze mashimo ya plagi yakiangalia chini, kisha uzungushe flaiwili (gurudumu zito lililofungwa kwenye kranki) polepole kwa mkono hadi maji yaache kutoka. Mwaga petroli yote ya zamani pamoja na iliyomo katika bakuli la kabureta, kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli na hukaa chini kabisa, pale hasa jeti, yaani kitundu kinachopitisha petroli, inapovuta. Mimina oili kwa wingi kupitia matundu ya plagi na mdomo wa kabureta huku ukizungusha flaiwili ili ifike kwenye kila beringi. Hapo ndipo injini inapoweza kupakiwa kwenye pikapu kuja Nairobi, na hata njiani kichwa chake kikae juu kuliko propela, la sivyo maji yaliyobaki mguuni (sehemu ya chini inayobeba propela) yatapita kwenye njia ya moshi na kurudi ndani ya silinda. Ikiwaka siku ileile, iache ifanye kazi kwa mwendo wa wastani kwa muda usiopungua nusu saa, mguu wake ukiwa ndani ya pipa la maji, ili joto lake liondoe unyevu uliosalia.

Kuna wanaoamini kwamba injini iliyoingia maji huamshwa kwa kuvutwa kamba kwa nguvu. Maji hayabanwi kama hewa, na pistoni ikisukumwa dhidi ya silinda iliyojaa maji, kinachokubali kupinda ni konrodi. Injini iliyozama huku ikifanya kazi isijaribiwe kuwashwa kabisa kabla ya kuhakikisha kwamba flaiwili inazunguka kwa wepesi mzunguko mzima. Ukisikia mkwaruzo wa mchanga, acha hapo hapo na uifungue.

Wengine husema maji ya ziwa hayana madhara kwa kuwa hayana chumvi. Yana madhara, ila yanachelewa kidogo. WD-40, ile dawa ya kupuliza, nayo husaidia kuondoa maji kwenye nyaya na viungio, lakini utando wake ni mwembamba mno kulinda beringi, na kuinyunyiza juu ya injini kisha kuifunika turubai si matengenezo.

Dhana inayowagharimu watu fedha ni ile ya kwamba injini isiyo na kareni (umeme wa kutoa cheche kwenye plagi) baada ya kuzama imeunguza CDI, kifaa cha kielektroniki kinachopeleka umeme huo. Kisanduku cha CDI kwa kawaida kimejazwa gundi ngumu na huvumilia maji vizuri. Anza kwa kuchomoa waya wa swichi ya kuzimia, kwa sababu swichi iliyolowa hupeleka kareni yote kwenye bodi ya injini, kisha safisha waya za bodi, badilisha plagi, kagua kofia zake, na upime koili kwa mita. Kununua kisanduku kipya kabla ya hatua hizo ni kutupa pesa.

Oili ya gia iliyogeuka rangi ya maziwa haitibiwi kwa kuongezea nyingine juu yake. Imwage yote, badilisha sili ya shafti ya propela, na ukague kama kuna uzi wa kuvulia uliojisokota nyuma ya propela, kwa maana huo ndio hukata sili mara nyingi. Oili mpya ijazwe kwa shinikizo kutoka tundu la chini hadi itokee la juu, vinginevyo hewa itabaki ndani.

Hatimaye, si kila upungufu wa nguvu baada ya ajali unatokana na maji. Ziwa Naivasha liko takribani mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na injini hupoteza karibu asilimia 20 ya nguvu iliyokuwa nayo Mombasa, tena jeti iliyopimwa Pwani huipa petroli nyingi kupita kiasi. Pima mgandamizo wa kila silinda; kama tofauti kati yake haizidi asilimia 10 na flaiwili inazunguka kwa wepesi, usikubali injini ifunguliwe kabla jeti haijabadilishwa kuwa ndogo na propela yenye mkato mdogo (inayosogeza boti hatua fupi kwa kila mzunguko) haijajaribiwa.