Methadoni na mfamasia: maswali yanayoulizwa sana mtaani

Methadoni, hii dawa wanayopewa watu wanaoacha unga (heroini), si ndo unga ule ule kwa jina jengine?
Hapana jamani. Zote ukoo mmoja, lakini unga unapanda haraka na kushuka haraka, masaa machache tu mtu keshapata arosto, jasho, tumbo, mifupa inauma, anatafuta kete nyengine. Methadoni inakwenda polepole na inakaa mwilini siku nzima, dozi ikikaa sawa mtu halewi wala haumwi, anakwenda kazini kwake. Kwetu Zanzibar inatolewa hospitali ya Kidongo Chekundu, mjini, tokea 2015, unainywa pale pale mbele ya mtoa dawa.

Sasa mfamasia kazi yake si kumimina tu?
Sivyo kabisa. Yeye anamuona mgonjwa kila siku, daktari hamuoni hivyo. Ukija umelewa anazuia dozi, maana methadoni juu ya unga, pombe au vidonge vya usingizi inakata pumzi. Ukikosa siku kadhaa usidai dozi yako ya zamani, mwili ushaizoea kuikosa na inaweza kukuua. Na ukianzishwa dawa za TB mwambie siku hiyo hiyo! Rifampisini, moja ya dawa hizo, inaimaliza methadoni haraka, arosto inarudi na dozi ni ile ile, mtu anarudi kwenye unga watu wanasema hana nia, kumbe dozi ilitaka kupandishwa tu.

Kwa nini wafamasia waongezewe majukumu, watoe methadoni hata famasi za mtaani?
Mtu wa Nungwi au Makunduchi apande daladala mpaka mjini kila siku ya Mungu, nani atamuajiri? Uingereza watu wanakunywa methadoni famasi ya mtaani kwao. Rhode Island kule Marekani, utafiti uliotoka 2023 ulitumia buprenofini, dawa jamaa na methadoni: walioendelea na matibabu famasi, baada ya mwezi walibaki 25 kati ya 28, waliopelekwa kliniki za kawaida 5 kati ya 30. Mimi naona na sisi tuanze, sio kila duka la dawa, famasi chache zenye mfamasia aliesomeshwa, daftari na ulinzi.

Ramadhani je?
Muulize mfamasia au daktari mapema saa ya dozi ipangwe upya, usijipangie.

Mtu kazidisha, midomo ya buluu, hapumui vizuri?
Mlaze ubavu, mkimbize hospitali, sema wazi katumia nini, usione haya. Kuna dawa inaitwa nalokisoni inayomrudisha, ila inaisha nguvu ndani ya saa moja na nusu hivi na methadoni bado imo mwilini, kwa hiyo hata akiamka akasema mzima msimrudishe nyumbani.